Kupeleka vijana Ziwa Chala: kulala sawa, kuogelea hapana

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mombasa na mlezi wa kikundi cha vijana kumi na wawili, wa miaka 16 hadi 19. Mwisho wa Desemba tunataka kwenda Ziwa Chala, kule Taveta, tulale usiku mmoja kwenye mahema. Tumeambiwa hakuna choo, hakuna maji ya bomba, wala hakuna wa kutuzuia au kutusaidia. Vijana wanataka kuogelea kwa sababu wameona picha za maji ya buluu. Wazazi wengine wanasema kuna mamba, wengine wanasema mamba waliisha zamani. Je, twende? Na tukienda, tujiandae vipi?

JIBU: Mwalimu, nendeni. Nimepeleka watu Chala miaka mingi, na sijaona kijana aliyefika pale ukingoni kwa mara ya kwanza akaendelea kupiga gumzo. Unatembea kwenye nyika ya kawaida, miiba na vumbi, huoni dalili yoyote ya maji, halafu ghafla ardhi inakatika mbele ya miguu yako na chini kabisa kuna ziwa. Hakuna bango wala geti. Kila mtu hunyamaza.

Lakini hakuna kuogelea. Nalisema mapema ili lisije likapotea katikati ya maneno mengine, na nakuomba uwaambie vijana kabla hamjapanda gari, msiwaambie pale juu wakiwa na jasho na maji wanayaona.

Nikianza na hao mamba. Machi 2002, msichana wa Uingereza mwenye umri wa miaka 18 aliuawa na mamba akiogelea katika ziwa hili. Alikuwa na rika la vijana wako. Tangu hapo utasikia kila aina ya habari: wameuawa wote, wamebaki wawili, wamehama. Mimi sipeleki mtoto wa mtu majini kwa kutegemea habari za namna hiyo. Mamba hukaa chini ya maji muda mrefu bila kuonekana, na hujifunza mahali ambapo watu huja kila siku kuchota maji au kuvua. Chala ina sehemu chache mno ambazo mtu anaweza kufika majini kwa miguu, kwa hiyo binadamu na mnyama hukutana palepale. Utawaona vijana wa kijijini wakijitosa, na wako watakuuliza mbona wale wanaoga. Wajibu kwamba wale wamelijua ziwa tangu utotoni, na hata wao hatari haijawaacha.

Tena, hata kama mamba asingekuwepo, jibu langu lingekuwa lilelile. Chala ni kasoko, yaani shimo la volkeno lililojaa maji. Kuta zake zinashuka wima kiasi cha mita 100 kutoka ukingoni hadi kwenye maji, na haziishii hapo. Zinaendelea kushuka chini ya maji hadi kina cha mita 90 hivi. Vijana wa Mombasa wamezoea ufuko, unaingia hatua kwa hatua, maji yanafika kwenye goti, kiunoni, kifuani. Hapa hakuna kiunoni. Uko juu ya mwamba, kisha huna chini. Anayeshikwa na mkazo wa misuli hana pa kukanyaga, na wa kumwokoa hana pa kusimama. Hakuna mlinzi wa waogeleaji, hakuna boya, na hospitali iko Taveta, kwanza umpandishe mtu ukuta, kisha gari. Bahari mnayo nyumbani, Mwalimu. Chala mwende kwa jambo lingine.

Jambo hilo ni kukaa ukingoni na kuangalia, na kwa kundi la rika hilo linatosha kabisa ikiwa utawaeleza wanachokiangalia.

Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 4 na kidogo, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati yake. Ukuta wa ng'ambo ni Rombo, mkoa wa Kilimanjaro. Nyuma ya ukuta huo ndipo Mlima Kilimanjaro ulipo. Ninyi mtakuwa upande wa mashariki, kwa hiyo mtautazama magharibi kupitia juu ya ziwa: kilele cha Mawenzi chenye meno upande wa kulia, na kile cha Kibo kushoto kwake. Sasa waulize vijana: maji haya yametoka wapi? Hakuna mto unaoingia, ukiacha kijito cha mvua upande mmoja. Mto Lumi unapita jirani tu ukielekea Ziwa Jipe, wala hauingii Chala. Maji ya Chala ni mvua iliyonyesha kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ikazama ardhini, ikasafiri chini kwa chini kupitia mawe ya volkeno na kutokea ndani ya kasoko. Na yanatoka hivyohivyo, kupitia ardhini. Kijana akielewa hilo, mlima ulio mbali na maji yaliyo miguuni pake vinakuwa kitu kimoja.

Rangi nayo ina sababu. Mwanzoni mwa mwaka maji hutulia, ya juu yana joto na ya chini yana baridi, hayachanganyiki, na ziwa huwa buluu ya kung'aa. Ikifika Juni hadi Septemba upepo wa kusini huyachanganya, rutuba iliyokuwa chini hupanda, na viumbe vidogo vya mwani vyenye maganda ya kioo huzaliana kwa wingi. Maji huelekea kwenye kijani. Mwani huo ukifa huanguka chini na kufanya tabaka jembamba la rangi nyeupe, kisha msimu unaofuata huleta tabaka jeusi juu yake. Kwa kuwa chini kule hakuna oksijeni, hakuna mdudu wa kufukuafukua, matabaka hayo yamelala kama kurasa. Mwaka 2016 wanasayansi walichimba katikati ya ziwa na kutoa tope lenye urefu wa zaidi ya mita 200, kumbukumbu ya mvua na ukame wa Afrika Mashariki ya miaka ipatayo 250,000. Mimi huwaambia vijana wakae kimya dakika tano wakifikiria hilo tu.

Na kuna samaki. Perege wa Chala, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis hunteri, asili yake ni ziwa hili peke yake duniani. Yuko hatarini kutoweka kabisa, kwa sababu watu walileta perege wa aina nyingine kutoka nje, nao wanagombea chakula na mazalio naye. Kwa hiyo kama kuna kijana anayependa kuvua, mwambie aache ndoano nyumbani, na hasa asije na samaki hai wala chambo hai kutoka kwingine. Ukitaka kula samaki, nunua Taveta mjini.

Sasa maandalizi. Nitakaa zaidi kwenye maji, joto na uchafu, kwa sababu ndiyo mambo yanayoharibu safari za Chala.

Kutoka Mombasa hadi Taveta ni kilomita kama 260, lami yote, kupitia Voi na Mwatate. Mnaweza pia kupanda treni hadi Voi kisha mkakodi matatu. Baada ya Maktau waonyeshe vijana kilima cha Salaita kando ya barabara. Februari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Afrika Kusini walishindwa vibaya pale na askari wa Wajerumani, na mwezi uliofuata majeshi ya Waingereza yakazunguka kupitia Chala hiyohiyo mnayoiendea. Ukipanga vizuri, pitia Taveta siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, ununue ndizi, nyanya na vitunguu. Taveta ndizi ni zake. Kutoka mjini hadi ziwani ni kama kilomita 8, na kipande cha mwisho ni vumbi, au tope mvua ikinyesha. Mwisho wa Desemba vuli inaweza kuwa haijakatika, kwa hiyo dereva awe na gari lililoinuka, na kama mvua imenyesha usiku wa kuamkia safari, sogezeni tarehe. Mkiweza kungoja Januari, ndiyo bora, ila najua shule zinafunguliwa.

Maji ya kunywa beba yote. Hesabu yangu ni lita 4 kwa mtu kwa siku, na usiipunguze. Ninyi mko kumi na wanne ukijumlisha wewe na mtu mzima wa pili, ambaye sikubali usiwe naye. Kwa siku mbili hizo ni lita 112, ongeza za kupikia na kunawa, mnafika madumu saba ya lita 20. Ni mzigo mkubwa na watu watalalamika. Acha walalamike.

Nasisitiza kwa sababu ya jambo nililolishuhudia. Miaka kadhaa iliyopita tulishuka na kundi la wanaume wazima, wenye nguvu, saa sita mchana. Kushuka kulichukua nusu saa, watu wanacheka. Kupanda, mmoja wao alifika katikati akakaa juu ya jiwe. Nilimfikia nikaona ngozi yake imekauka, hana jasho hata kidogo, na nikimuuliza jina lake ananijibu mambo ya gari. Alikuwa na chupa moja ya nusu lita tangu asubuhi. Tulimlaza kwenye kivuli cha kichaka, tukavua shati lake, tukaloweka kanga kwa maji ya ziwa tukamfunika, na wawili wakampepea kwa kofia bila kuacha. Ilituchukua zaidi ya saa mbili kumfikisha juu, na usiku ule alilala hospitali. Alipona. Lakini tangu siku hiyo nina sheria mbili.

Ya kwanza: kushuka ni alfajiri tu. Njia ya upande wa Kenya iko kwenye ukuta wa mashariki, kwa hiyo asubuhi ukuta wenyewe unakukinga na jua. Mchana jua linakuelekea usoni na mawe yanarudisha joto kama chapati juu ya tawa. Anzeni saa kumi na mbili na nusu, mkae chini muda mfupi, na ifikapo saa tatu kila mtu awe amesharudi juu. Ya pili: anayeshuka ana lita moja na nusu mkononi, siyo kwenye begi la mwenzake.

Njia yenyewe ni ya mawe yaliyolegea. Viatu viwe vya kufunga, vyenye meno. Ndala zibaki kambini. Shukeni wachache wachache, watu watano na kiongozi, na mtu asisimame moja kwa moja chini ya mwenzake, kwa sababu jiwe likichomoka halina pa kusimama hadi majini. Mkifika chini, mkae juu ya mawe hatua kadhaa kutoka kwenye maji. Anayetaka kunawa uso achotewe kwa ndoo yenye kamba, anayechota akiwa amesimama juu ya mwamba, asiiname ukingoni. Ni jambo dogo, na ndilo linalomweka mtu mbali na mdomo wa mamba. Na kama mvua imenyesha, msishuke kabisa. Asiyependa kushuka asilazimishwe. Ziwa linaonekana vizuri zaidi kutoka juu.

Kambi iwe juu, upande wa nje wa ukingo, hatua nyingi kutoka kwenye genge, mahali ambapo anayeamka usiku akiwa na usingizi hawezi kutembea akaanguka. Funga kamba yenye vitambaa vyeupe kati ya mahema na genge. Kabla ya kupiga mahema, nenda kwa chifu au mzee wa kijiji, jitambulishe, sema mko wangapi na mtaondoka lini. Chukua mwenyeji wa kuwaongoza na kulala nanyi, mpatane malipo mapema na mumlipe vizuri. Yeye ndiye atakayejua kama ndovu wamepita juzi. Nyika ile iko karibu na Tsavo Magharibi, na ndovu huja hadi mashambani. Uliza pia KWS, shirika la wanyamapori, pale Taveta siku hiyohiyo. Wakisema ndovu wapo, lala mjini na mwende ziwani asubuhi. Hamtakosa chochote cha maana.

Chakula kifungiwe ndani ya gari usiku na mchana, kwa ajili ya nyani. Wana nguvu na hawaogopi mwanamke wala mtoto akiwa na ndizi mkononi. Msiwalishe, hata kipande. Usiku kila mtu avae viatu na atembee na tochi, kwa sababu ya bafe, yule nyoka ambaye wengine humwita kifutu. Hatoroki anaposikia hatua zako, analala palepale. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asipewe dawa ya kunywa ya mtu yeyote. Mguu utulizwe usitembee, abebwe, aende hospitali. Chandarua ni lazima, malaria ipo.

Kupikia tumieni jiko la gesi la mtungi mdogo. Sikatai moto wa kuni kwa ubaya. Ninajua vijana wanaupenda. Lakini nyasi zikikauka, cheche moja na upepo wa ukingoni zinachoma malisho ya watu ambao ninyi ni wageni wao, na kuni zenyewe ni miti michache iliyoshikilia ukuta usiporomoke.

Choo ndicho watu huona aibu kuuliza, nawe umeuliza, nashukuru. Elewa kwanza umbo la mahali. Ziwa liko ndani ya faneli. Chochote kilicho upande wa ndani wa ukingo, mvua itakiteremsha majini, na hakuna mto wa kukisukuma nje. Kitabaki mle na yule perege. Kwa hiyo sheria ni moja: upande wa ndani hakuna haja kubwa, hakuna haja ndogo, hakuna sabuni, hakuna ganda la pipi. Upande wa nje, kwa ruhusa ya wenyeji, chimbeni mtaro mmoja, kina cha goti, uzungushieni turubai, na kila anayetoka amwage koleo la udongo. Kesho yake fukieni na mpandishe udongo juu kidogo kwa kuwa utadidimia. Pedi na nepi hazifukiwi. Zitiwe kwenye mfuko mweusi uliofungwa na zirudi mjini. Waambie wasichana mapema ili wasipate shida ya kuuliza.

Wazazi wakisema haya yote ni magumu mno, upande wa Tanzania kuna kambi ya watalii yenye vyoo na bafu ukingoni. Lakini msidhani mtavuka kwa mtumbwi: katikati ya ziwa ni nchi nyingine. Mnavuka kwa kituo cha Taveta na Holili, kila mtu na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na watoto walio chini ya miaka 18 wanahitaji barua za wazazi. Hata upande wa Kenya simu zenu zitarukaruka kushika mtandao wa Tanzania, na salio litaliwa. Zimeni huduma ya kuhamia mitandao ya nje mkifika. Kabla ya hapo mtumie mtu aliye Mombasa jina la mwenyeji wenu na saa mtakayorudi.

Usiku mwombe mwenyeji awasimulie. Wazee wa Taveta wana hadithi ya boma la Wamasai lililozama mahali ziwa lilipo, na kwamba usiku ukitulia husikika ng'ombe na sauti za watu kutoka chini. Zimeni tochi mkisikiliza. Kasoko hurudisha kila sauti, na nyani mmoja akibweka upande wa Rombo, mtamsikia kana kwamba yuko nyuma ya hema.

Waamshe saa kumi na moja na nusu, kabla mawingu hayajafunika mlima. Wakae nyuma ya kamba wakiwa na chai. Ziwa litakuwa jeusi bado, na kuta zote ni giza, ndipo Kibo itakapoguswa na jua kwanza, rangi ya waridi, kisha Mawenzi, kisha mwanga unashuka polepole ukuta wa Rombo hadi kwenye maji. Hapo ndipo mshuke wale wanaotaka kushuka. Mkirudi, mkanywa maji, mkafunga mahema, hesabu vijana kumi na wawili, halafu hesabu mifuko ya taka. Mlikuja na mingapi mitupu? Iwe ileile, imejaa, ndani ya gari.